Kibuyu cha Mama Kilivyoenda Mpirani Chepseon

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu bila huo hamngekuwa na cha kuniuliza. Jumamosi asubuhi, mama akiwa shambani anachuma majani chai, niliingia stoo, nikatoa kibuyu chake cha mursik nyuma ya magunia ya mahindi, nikaweka kingine kizee chenye ufa mahali pake, nikakifunika na gazeti lilelile, nikaondoka.

Si kibuyu cha hivihivi. Ni kile chenye shanga shingoni alichoachiwa na mama yake. Na ndani yake kulikuwa na maziwa aliyokuwa ameyalaza zaidi ya wiki kwa ajili ya Jumapili, siku ambayo watu wa mchumba wa dada yangu Chepkemoi walikuwa wanakuja kwa koito, ile siku ya wazee kukaa chini kuongea posa. Mursik haitengenezwi kwa usiku mmoja. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba mama alikuwa ameonya kila mtu nyumbani, hata paka, kwamba atakayegusa hicho kibuyu atatafuta ukoo mwingine wa kuzaliwa.

Sasa, kwa kuwa darasa zima limekuwa likiniuliza, na kila mmoja ana hadithi yake aliyoisikia kwa mwingine, nimeandika yote hapa. Mkishasoma mniache nile githeri yangu kwa amani.

Kituo cha majani, Boito

Chanzo ni mdomo. Ijumaa jioni tulikuwa tumekaa kituoni tukingoja lori la kiwanda lije kubeba majani, na mizani ikinyamaza, mpira huanza. Timu yetu, Majani Mabichi, ilikuwa inaenda Chepseon kucheza na Ngome, mabingwa wa mwaka jana, na hiyo ilikuwa mechi yetu ya pili tu ya msimu. Ya kwanza tulitoka sare na timu ambayo golikipa wao alicheza na gambuti.

Mzee arap Tonui ndiye mchambuzi wetu, kwa sababu ndiye mwenye redio. Alisema ni bahati kukutana na bingwa mapema. Bingwa mwanzo wa msimu ni kama mtu aliyetoka sherehe, ameshiba, hakimbii. Ukimngoja hadi katikati ya msimu utamkuta na njaa. Weldon, yule anayeketi nyuma yangu na kunakili makosa yangu, akasema Ngome hata wakishiba vipi watatupiga tano, kwa sababu sisi ni kama chai, ya kuteremshia chakula. Wakabishana hadi karani wa mizani akasahau kuandika gunia la mtu.

Halafu Mama Moraa akauliza swali la maana. Huyu mama alitoka Kisii akaja kuchuma majani huku kabla sijazaliwa, na uwanjani ana sauti kuliko wenyeji wote tukiunganishwa. Kochi alikuwa amesajili vijana saba wapya wakati wa likizo, na hakuna mtu alikuwa amewaona vizuri, kwa maana ile mechi ya kwanza ilichezwa mbali.

"Sasa hao wapya tutawajuaje?" akauliza.

"Kwa jezi," Mzee arap Tonui akamjibu. "Sisi kijani, Ngome manjano. Hata mtoto anajua hiyo."

Likumbukeni hilo jibu.

Mimi, ambaye sikuwa nimeulizwa kitu, nikasema wakishinda nitawapokea mimi mwenyewe na mursik, kama wanavyopokewa wakimbiaji wakitoka ng'ambo. Weldon akacheka. Akaambia kituo kizima kwamba kwetu mursik imefichwa hata baba haijui ilipo. Watu wakacheka wote, karani wa mizani pamoja nao. Sasa wewe ungefanya nini? Usinijibu.

Boito hadi Litein

Timu ilikuwa imeondoka alfajiri na kochi kwa gari lao. Sisi mashabiki tulipanda kanta, lile lori dogo la jirani mmoja ambaye tunamwita Dere tu, kwa sababu jina lake hulitumia akiwa kanisani. Mechi ilikuwa saa saba. Tulitoka saa mbili, kwa hivyo tulikuwa na muda wa kufika, kula, na kuingia uwanjani kama mabwana.

Nilipanda na kibuyu nimekifunga kwenye leso ya mama, shingo tu imetokeza. Mama Moraa akakiangalia, akaniangalia.

"Mama yako amekupea hiyo?"

Nikasema mama anapenda timu. Haukuwa uongo mtupu, siku moja aliwahi kuuliza ni ngapi ngapi. Mzee arap Tonui akavua kofia, akasema mama yangu ni mtu wa maana sana, na kwamba atamwambia hivyo yeye mwenyewe wakikutana. Mpango wangu ulikuwa mfupi: wafungaji wapate vifuniko viwili vitatu, kilichopungua nijaze na maziwa ya asubuhi, nitikise, nirudishe. Mzee kuongea na mama hakukuwa kwenye mpango.

Tulipofika Mogogosiek nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Watu waliokuwa wanatoka kiwandani walikuwa wananipungia mkono. Mimi, si gari. Mmoja akanionyesha dole gumba na kutabasamu kwa huruma. Kumbe kijana aliyevaa shati safi, amepakata kibuyu kwenye leso Jumamosi asubuhi, na mzee mwenye kofia kando yake, kwa watu wetu ana maana moja tu. Anaenda kuposa.

Mimi nilitaka kueleza ni mpira. Weldon akaniwahi. Kila kanta iliposimama, alikuwa anatangaza ya kwamba mimi ndiye bwana arusi, ni vile nina haya. Mama mmoja muuza ndizi akaja hadi kwa kanta, akanishika mkono, akanibariki, akaniambia nisiangalie urefu, niangalie roho. Sijui urefu wa nani. Mlinzi mmoja akaniuliza niko kidato gani. Nikasema cha tatu. Akatikisa kichwa pole pole, akarudi kukaa.

Litein hadi Kericho, pamoja na ng'ombe

Litein, Dere akasema tungoje dakika tano. Hizo dakika zilikuwa na miguu minne. Alikuwa ameahidi kumbebea mtu mtamba hadi Kericho, na huyo mtamba hakutaka kusikia habari ya kupanda gari.

Tulishuka wote kusukuma. Yaani mashabiki wa Majani Mabichi, waliotoka nyumbani kuimba, tukawa nyuma ya ng'ombe, na mabishano hayakukoma hata kidogo. Mzee arap Tonui alikuwa anasukuma huku anaeleza kwamba safu yetu ya kati msimu huu ni mpya na Ngome hawajaisoma. Weldon akasema safu ya kati ambayo haijasomwa na wapinzani, haijasomwa pia na kochi, wala na wachezaji wenyewe. Mama Moraa akawaambia wanyamaze, wasukume, kwani ng'ombe anawasikia na ndiyo maana hataki kwenda.

Ilichukua saa nzima na nusu. Alipopanda, alisimama kando ya ubao akiangalia nje, na kila tuliposonga mbele ya gari kukwepa mkia wake, aliuinua juu, akauacha hapo. Mama Moraa akamwita Lainzimani, mshika kibendera. Jina likashika. Hadi Kericho, mtu akisogea tu, tunasikia, "Umeotea, rudi nyuma."

Lainzimani naye alikuwa amependa leso ya mama. Alikuwa analamba shanga za kibuyu, mimi nageuka huku, yeye ananifuata huku. Niliingia Kericho nimekumbatia kibuyu kama mtoto mwenye homa, mgongo wote mate ya ng'ombe.

Kericho hadi Chepseon

Mwenye ng'ombe hakuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Dere akamfunga Lainzimani nyuma ya hoteli ya rafiki yake, na sisi tukaingia tupate chai na chapati na maharagwe. Ndipo mbingu ikafunguka, mvua ya mawe, ile ya kelele.

Nyinyi mnajua mvua ya mawe inawafanya nini watu wa majani. Dakika moja hoteli nzima ilikuwa inaongea mpira na siasa, dakika ya pili kimya. Kila mtu na kikombe chake, anaangalia mlangoni, anafikiria mashina yake. Mama Moraa alisimama kizingitini akitazama mawingu yanaelekea wapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu Ngome. Hata Weldon alikuwa anahesabu kitu kichwani, na midomo ikicheza. Ilipoonekana kwamba mawe yameelekea upande wa Londiani, si upande wetu, Mzee arap Tonui akashusha pumzi, akaendelea na sentensi yake kuhusu safu ya kati palepale alipokuwa ameiachia.

Saa zilikuwa zimeenda. Tulipoondoka Kericho mechi ilikuwa inaanza. Barabara ya kupanda kwenda Chepseon ilikuwa nyeupe kandokando kama imemwagiwa chumvi, na ukungu ulikuwa umelala chini, hata Dere aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Mzee alimpigia kochi mara sita. Haishikwi. Weldon akasema kochi hawezi kushika simu, ameshika kichwa.

Uwanjani

Tulifika kipindi cha pili kimeanza. Uwanja wenyewe ni ule wa shule moja, umeinama kidogo, na siku hiyo ulikuwa umeloa hadi mpira ukidunda unabaki hapohapo. Ukungu ulikuwa mzito. Ukisimama kwa goli hili, lile lingine unalisikia tu. Wachezaji walikuwa matope kutoka kichwani, namba hazisomeki, lakini mabegani palibaki rangi kidogo. Kijani na manjano.

Nikauliza mtoto mmoja ni ngapi ngapi.

"Mbili bila."

"Ya nani?"

"Ya kijani."

Sijui niwaelezeje. Mama Moraa alipiga yowe ambalo lilisimamisha mpira. Mzee arap Tonui alimshika Weldon mabega, akamtikisa, akamwachilia. Tukaanza kuimba. Na dakika chache baadaye, kijana wa kijani, mrefu, ambaye hatukuwahi kumwona, akapita mabeki wawili wa manjano kama anaenda dukani na kufunga la tatu. Tukasema huyo ni mmoja wa wale wapya. Mzee akasema sasa mmeona safu ya kati. Akaieleza yote, jinsi inavyofungua na kufunga, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwelewa.

Kando yetu kulikuwa na bwana mmoja mwenye mwavuli mkubwa. Alituangalia sana. Akauliza tumetoka wapi.

"Boito," Mzee akasema kwa majivuno.

"Boito," yule bwana akarudia. Akatuangalia tena, tukiwa tunaruka. Akasogeza mwavuli wake akamfunika Mzee, yeye mwenyewe akibaki nusu mvuani, na akasema hajawahi kuona watu wa roho safi hivyo. Niliona ni maneno ya ajabu kidogo, lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hachunguzi.

Manjano wakapata bao moja. Tulinuna. Aliyefunga alikuwa namba kumi, au tulidhani ni kumi, na tangu hapo Mama Moraa akamfanya wake. Kila akigusa mpira upande wetu, anampigia kelele. "Wewe manjano, huo mguu umeazima wapi? Rudisha ya watu." Yule kijana alisimama kwenye ukungu, akageuka, akatazama upande wetu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeitwa na marehemu. Halafu akapoteza mpira. Kijani wakafunga la nne. Tukamshukuru Mama Moraa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nilikuwa nimeshafungua leso. Nikakimbia katikati ya uwanja na kibuyu, nikaanguka mara moja, kibuyu juu, mimi chini, nikainuka. Nikamfikia yule mrefu aliyefunga la tatu. Nikamimina mursik kwenye kifuniko, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akaniangalia. Akanywa yote. Akafumba macho. Wenzake wa kijani wakaja mbio, nikamimina, wakanywa, nikamimina, mpango wangu wa vifuniko viwili vitatu ukasahaulika, golikipa akalamba shingo ya kibuyu. Kilikauka. Watu pande zote walikuwa wanapiga makofi.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu ninayoijua.

"Langat. Hata wewe?"

Niligeuka. Alikuwa Kipyegon, kapteni wetu wa Majani Mabichi, anayeishi nyuma ya nyumba ya Mama Moraa na kula kwake kila Jumapili. Alikuwa amevaa manjano. Nyuma yake, wote kwa manjano, walisimama vijana wetu tunaowajua na saba tusiowajua, na kochi, ambaye kweli alikuwa ameshika kichwa.

Kumbe Ngome msimu huu walinunua jezi mpya za kijani. Refa akasema timu mbili haziwezi kuvaa rangi moja, wageni wabadilishe. Wetu hawakubeba jezi nyingine, kwa sababu hawana. Ngome wakawaazima zile zao za mwaka jana.

Mama Moraa alikuwa amefika akihema. Alimtazama Kipyegon kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mama Moraa," Kipyegon akasema pole pole, "huu mguu ni wangu."

Jikoni kwa Kogo

Kile ambacho mimi sikuelewa, na nilikuwa nimesimama hapo na kibuyu kitupu nikifikiria kuhamia Londiani, ni kwamba watu wa Chepseon walikuwa wanafuta machozi. Wao hawakuona wajinga. Waliona watu wametoka Boito kwenye mvua ya mawe, wakashangilia timu iliyowafunga, halafu wakaipa mursik. Mtu akikupa maziwa mkono kwa mkono na ukanywa, nyinyi si maadui tena. Yule bwana wa mwavuli, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Ngome, alipeana mikono na sisi wote, akamrudia Mzee arap Tonui mara mbili. Mzee, nitamsifu, hakupepesa jicho. Alisema hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Tukapelekwa kwao, timu zote mbili na mashabiki. Mama yake mwenyekiti, bibi mmoja mfupi ambaye kila mtu alimwita Kogo, alitupikia ugali na mboga za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, na kuku wawili waliogawanywa kwa watu wengi hivi kwamba mimi nilipata wazo la kuku. Kipyegon alikula akiwa amempa Mama Moraa mgongo. Mama Moraa akamwekea kipande chake cha nyama kwenye sahani. Akakila, lakini hakugeuka.

Kogo akaniita jikoni na kibuyu. Akakishika shingoni, akapitisha kidole kwenye shanga.

"Hiki kibuyu ni cha nani?"

"Ni cha mama. Ametuma."

Uongo ukishazaa unazaa mapacha. Akaniuliza mama yangu ni nani. Nikamwambia, mama Chepkemoi wa Boito, karibu na kituo cha majani. Akaacha kukoroga.

"Na kesho mama yako yuko nyumbani?"

"Yuko. Tuna wageni."

"Wageni wa wapi?"

"Sijui. Ni wa dada yangu. Ni mambo ya koito."

Kogo alicheka hadi akashika mlango. Akaenda akamnong'oneza mwenyekiti, naye akacheka, akaniangalia, akacheka tena. Nikacheka nao, kwa heshima tu. Nilijiangalia suruali nikidhani ni mate ya ng'ombe.

Kisha akaosha kibuyu cha mama, akakijaza mursik yake hadi juu. Akasema kwao kibuyu cha mtu hakirudishwi kikiwa kitupu. Ningemkumbatia. Harufu ya moshi wake ilikuwa tofauti, maana yeye hapaki kibuyu ndani makaa ya senetwet kama mama, anatumia ya mti mwingine, na rangi ilikuwa imeiva zaidi. Nilijiambia maziwa ni maziwa.

"Msalimie mama," akasema. "Mwambie Kogo ameshukuru."

Nikasema nitamwambia. Ningemwambiaje?

Kurudi

Kericho tulimkuta Lainzimani palepale nyuma ya hoteli. Mwenyewe hakuwahi kutokea. Dere akampandisha tena, na safari hii hakukataa, alipanda kama mtu amechoka na ugenini.

Kipyegon alipanda na sisi ili aendelee kutoongea na Mama Moraa kwa karibu. Mama Moraa alijaribu kulaumu ukungu, akajaribu matope, akajaribu umri wa macho yake. Mwishowe akamwambia, "Lakini mwanangu, ulivyokuwa unatafuta huo mpira, hata ningejua ni wewe ningesema tu." Kipyegon akaangua kicheko, na yakaisha.

Weldon alimkumbusha Mzee arap Tonui jinsi alivyotuchambulia safu ya kati. Mzee akasema hana neno la kuondoa. Uchambuzi ulikuwa sahihi, timu ndiyo ilikuwa nyingine.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mama alikuwa anakamua. Nikaingia stoo, nikatoa kile chenye ufa, nikarudisha kibuyu nyuma ya magunia, gazeti juu. Nililala kama mtu ambaye hana dhambi.

Jumapili

Wageni walikuja baada ya kanisa. Gari liliposimama, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mwavuli mkubwa. Wa pili alikuwa mwenye mwavuli. Wa tatu alikuwa Kogo.

Nilizunguka nyuma ya zizi. Nikakaa huko nikijaribu kuelewa. Chepkemoi alikuwa ametaja mara mia kwamba mchumba wake ni wa Chepseon, mtoto wa huyu mwenyekiti. Kosa langu ni kwamba dada akiongea mambo ya huyo mtu mimi huwa nawaza mpira.

Baba akaita jina langu nije nimwagie wageni maji ya kunawa. Nikaja na birika na karai. Kogo alinawa pole pole, akaniangalia chini ya kitambaa cha kichwa.

"Chamgei, kijana wa mpira," akanisalimia kwa sauti ndogo.

Mama akaleta kibuyu. Alikuwa amevaa ile nguo ya harusi za watu. Akasema mbele ya wazee wote kwamba maziwa haya ni ya ng'ombe wake mwenyewe, ameyalaza kwa mikono yake mwenyewe, na moshi ni wa senetwet iliyoota nyuma ya jikoni hapo. Akamimina. Yalipotoka nikaona mkono wake umesimama kidogo, kwa sababu ya rangi. Lakini macho ya watu yalikuwa kwake, akaendelea.

Kogo akanywa. Akashusha kikombe kwenye paja. Chepkemoi, mlangoni, alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoona, wallahi ndipo nilipoona, kwamba kama huyu bibi atasema maziwa ni yake, mama anabaki muongo mbele ya wakwe, na dada yangu anabaki na hilo pazia. Niliomba. Nilimwambia Mungu hata kuhusu ile hesabu ya muhula uliopita.

"Mama Chepkemoi," Kogo akasema, "haya maziwa nayajua. Ni matamu kama ya kwangu."

Akafuta mdomo. Kisha akawaeleza wazee kwamba jana mama huyu, bila kuambiwa na mtu, alimtuma kijana wake na kibuyu hikihiki hadi uwanjani Chepseon, akawapa watoto wao maziwa, na hao watoto ndio walikuwa wamewafunga vijana wa Boito. Akasema usiku huo alimwambia mwanawe kwamba msichana anayetoka nyumba kama hii asiachwe, hata kama mambo mengine yatahitaji kuongewa hadi kesho kutwa.

Wazee wakanguruma kwa kukubali. Mama akakiangalia kibuyu. Akaniangalia mimi. Akakiangalia kibuyu tena.

"Kongoi," akashukuru. "Hapa tumezoea hivyo."

Mazungumzo yaliisha mapema kuliko yote niliyowahi kuona. Chepkemoi alilia, akacheka, akavunja kikombe. Wageni wakaenda mchana bado upo, Kogo akinipungia mkono kutoka dirishani hadi wakapotea kwenye kona ya kiwanda.

Mama aliniita jikoni. Alikuwa anaosha kibuyu, amenipa mgongo. Nilimwambia yote, kutoka gazeti hadi Lainzimani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu, tulifungwa ngapi. Nikasema nne kwa moja. Akamwaga maji nje, akakiinamisha kibuyu kikauke, akakaa akikiangalia. Mmekuwa mkisema ati alilia, ati alinifukuza, ati alicheka. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Nne kwa moja. Haya, enda ukate fimbo. Nne ni za kibuyu changu, hizo utapata. Ile moja ni ya dada yako, hiyo nimekusamehe."